Mwaka mpya, moto mdogo: mwongozo wa kupunguza mkaa, kuvuna maji na kutunza taka nyumbani, Nyanda za Juu Kusini

Januari ya huku kwetu haifanani na Januari ya pwani. Mvua inashuka karibu kila mchana, mahindi yamefika kiunoni, njia ya shambani ni tope tupu, na mkaa umelowa kwenye magunia huku bei ikipanda. Ada ya shule inadaiwa, sare zinadaiwa, mbolea ya kukuzia inadaiwa. Ukimwambia mtu wa Uyole au Mafinga mwezi huu akanunue kifaa cha bei kubwa kwa ajili ya mazingira, atakusikiliza kwa heshima, kisha ataendelea na safari yake. Kwa hiyo naanza na mambo yasiyotaka hela, nafuata yale ambayo mvua yenyewe inatusaidia, na vya kununua nimevipa sehemu ndogo tu.

Niseme msimamo wangu mapema. Neno mazingira likitajwa, wengi tunafikiria mfuko wa plastiki. Mfuko ni tatizo na nitaufikia. Lakini katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, uharibifu mkubwa uko chini ya sufuria ya maharage, kwenye moto unaowaka tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Kilo moja ya mkaa unaotoka kwenye tanuri la udongo la kienyeji imekula kati ya kilo 5 na 10 za kuni. Miti hiyo haionekani sokoni Mwanjelwa. Ilibaki Chunya, kwenye miombo. Kama una nguvu ya kubadili jambo moja tu mwaka huu, liwe la jikoni.

Hatua ya 1: Pima wiki moja kabla ya kubadili chochote

Chukua kalenda ya ukutani na kalamu. Kwa siku 7 pima mkaa kwa chombo kilekile, kisado au kopo, na andika kila siku ulichotumia na ulichopikia. Kama unatumia kuni, funga mzigo wa siku kwa kamba moja na uhesabu mizigo. Soma namba za mita ya umeme Jumatatu asubuhi na Jumatatu inayofuata. Hesabu madumu ya maji ya lita 20. Kila mfuko wa plastiki unaoingia ndani, utundike kwenye msumari mmoja.

Usiruke hatua hii. Nyumbani kwetu tuliamini ugali ndio unaomaliza mkaa, kwa kuwa unapikwa kila siku na kwa moto mkali. Tulipoandika tukakuta ugali ni mdogo sana. Maharage na maji ya kuoga ndiyo yaliyokuwa yanamaliza gunia. Tungeanza bila kupima, tungehangaika na kitu kisichokuwa tatizo.

Hatua ya 2: Maharage na makande

Huku juu maharage yanachelewa kuiva, na sababu yake ni kimo. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Hupungua karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Mtu wa Dar es Salaam anapikia maharage yake kwenye maji ya nyuzi 100. Sisi tunapikia kwenye nyuzi 94 hivi, na walio karibu na Kitulo chini ya hapo. Kuongeza mkaa hakuongezi joto la maji yanayochemka. Kunayafanya tu yakauke haraka, uongeze mengine ya baridi, uanze upya. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya ushauri unaofuata utaielewa yenyewe.

Fanya hivi:

Chambua maharage jioni, osha, loweka kwenye maji mengi, mara tatu ya maharage. Yakae usiku kucha. Mahindi ya makande nayo loweka, na kama unaweza tumia yaliyokobolewa, maana ganda la nje ndilo linalozuia maji kuingia.

Asubuhi mwaga maji ya kulowekea kwenye mboga za bustanini. Weka maji mapya, yapite maharage kwa vidole viwili tu. Watu wengi hujaza sufuria mpaka juu, na moto wote unaishia kuchemsha maji ambayo baadaye yatamwagwa.

Funika. Mfuniko uwe unakaa sawasawa, na juu yake weka jiwe safi kama ni mwepesi. Yakishachemka, punguza moto kwa kufunga kidirisha cha jiko. Mchemko mdogo na mchemko mkubwa vina joto lilelile.

Chumvi na nyanya viende mwishoni. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaharibu sehemu ya vitamini B iliyomo kwenye maharage, kwa hiyo mimi siyashauri kwa chakula cha kila siku cha watoto.

Pika ya siku mbili kwa mara moja, bila kuunga. Unaunga ya leo, ya kesho yanabaki yamechemshwa tu, na unayapasha mpaka yachemke asubuhi na jioni. Baridi ya usiku wetu inasaidia, ila isikufanye uache kuyapasha.

Hatua ya 3: Tengeneza kapu la joto

Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika mwongozo huu, na karibu hakina gharama. Ni kapu lililojazwa kitu kinachozuia joto kutoka. Sufuria ikishachemka inaingia humo na chakula kinaendelea kuiva bila moto.

Tafuta tenga la nyanya, boksi gumu au ndoo kubwa iliyopasuka. Tafuta cha kujazia: maranda makavu, ambayo Mafinga yamerundikana nje ya viwanda vya mbao, au majani makavu, au blanketi kuukuu na nguo zisizovaliwa. Weka tabaka la chini lenye unene wa kiganja cha mkono. Simamisha sufuria utakayotumia katikati, jaza pembeni kwa unene huohuo na kandamiza mpaka kitobo kibaki na umbo la sufuria. Tandika kitambaa juu ya maranda yasiingie kwenye chakula. Shona mto mnene wa kufunikia juu, maana joto jingi linatorokea huko.

Kutumia: maharage yaliyolowekwa yachemke kweli kweli dakika 30 motoni. Usizipunguze. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko, na joto la kapuni peke yake haliiwezi. Baada ya hapo, bila kufunua, hamisha sufuria haraka, weka mto juu, na usifungue kwa saa 3 au 4. Ukitoa, rudisha motoni yachemke tena dakika 10 na unga kama kawaida. Wali unatosha kuchemka dakika 5 hadi 8 kabla ya kuingia, kisha saa moja ndani ya kapu. Sufuria iwe imejaa zaidi ya nusu, kwa sababu chakula kidogo hupoa upesi. Nyama ya vipande vikubwa usiiache humo kutwa nzima.

Mama anayekwenda shambani Januari hii, asubuhi anachemsha makande, anafunika, anaondoka na jembe. Akirudi saa saba na mvua mgongoni, chakula ni cha moto, jiko limezimwa tangu saa mbili.

Hatua ya 4: Kuwasha jiko, maji ya kuoga na baridi

Acha kuwashia mkaa kwa mfuko wa plastiki. Najua unawaka vizuri hasa mkaa ukiwa umelowa. Lakini moshi ule una sumu, na anayeinama kuupuliza mara nyingi ni mtoto wa kike wa nyumba. Walio Mufindi na Njombe wanaokota makokwa ya misindano. Yakikauka juani huwaka yenyewe kwa sababu ya utomvu. Walio mjini wanaweza kuomba vipande vya mbao za msindano kwa fundi seremala, kuvichana vyembamba na kuvihifadhi pakavu. Mkaa nao uanike siku jua linapotoka na uuhifadhi juu ya mbao, usikae sakafuni. Mkaa mbichi kwa maji unatumia sehemu ya moto wake kujikausha.

Maji ya kuoga: weka ndoo nyeusi au dumu juani kuanzia saa nne siku zisizo na mvua. Hayatakuwa moto, ila yatapoteza ule ubaridi wa kisima, na sehemu ya kuni itabaki. Baada ya kupika usimwagie makaa maji. Weka sufuria ya maji ya kuoga juu yake, ufunike.

Na hili nalisema kwa msisitizo ingawa Januari si mwezi wa baridi kali. Usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto kisha ukafunga mlango na dirisha. Mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Jisaidie kwa blanketi la pili, kuziba nyufa za mlango kwa kitambaa na chupa ya maji ya moto miguuni. Anza kuweka akiba ya blanketi sasa, kabla Juni haijafika.

Hatua ya 5: Ukipata hela, nunua kwa mpangilio huu

Kwanza jiko banifu lenye udongo ndani, kwa sababu bei yake inawezekana na hulazimiki kubadili namna ya kupika. Pili, sufuria ya presha, ya kawaida au ya umeme. Kwa sisi wa nyanda za juu hiki si kifaa cha anasa. Presha inayapandisha maji juu ya nyuzi 100, yaani inarudisha kile ambacho kimo kimetunyang'anya. Ya umeme hupika maharage kwa chini ya uniti moja. Kama uko kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, angalia ile kalenda yako ya hatua ya kwanza uone umebakiza nafasi kiasi gani, maana kuvuka kunakutoa kwenye bei nafuu.

Gesi ni ya tatu kwangu. Ni safi na haraka, na kwa chai ya asubuhi haina mpinzani. Tatizo letu ni kuujaza mtungi unapoisha, hasa vijijini. Nyumba nyingi zina mtungi mtupu uliogeuzwa kigoda. Ukinunua, tenga hela ya kujaza kidogo kidogo kila wiki tangu siku ya kwanza. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Hiyo ni miaka 10, na maharage yanapikwa leo, kwa hiyo kapu lisisubiri mtungi.

Hatua ya 6: Maji ya bati

Mvua ya sasa ndiyo utakayoililia Septemba. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita 48 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 960; toa yanayomwagika na kuruka, shika 750. Hayo ni madumu 37 ambayo hayakubebwa na mtu kichwani.

Kama huna hela ya gata, pasua bomba la plastiki au mwanzi mnene katikati kwa urefu, toa viungo vya ndani, funga kwa waya chini ya ukingo wa bati ukiwa umeinama kidogo upande wa pipa. Mianzi hapa Iringa na Njombe tunayo kwa ajili ya ulanzi, yaani pombe ya mianzi. Ile iliyokomaa haigemwi tena, ndiyo ya kazi hii, nayo itavumilia msimu mmoja au miwili. Mwanzoni mwa kila mvua acha maji ya dakika chache yamwagike pembeni, yabebe vumbi na kinyesi cha ndege. Mdomo wa pipa ufunge kwa chandarua kuukuu: unazuia majani, na unazuia mbu kutaga.

Maji haya ni ya kufulia, kuoshea, kupigia deki na mifugo. Ya kunywa yatibiwe kwa vidonge vya kutibu maji au yachemshwe, na ukichemsha tumia makaa yaliyobaki baada ya kupika.

Maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yapelekwe kwenye chainizi na figiri. Ya sabuni nyingi usimwage kijitoni. Ukifulia mtoni, chota maji kwenye beseni na ukafulie mbali na ukingo, udongo uyachuje kabla hayajarudi.

Hatua ya 7: Sokoni

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na mabadiliko tumeyaona kwenye mifereji. Kilichobaki ni vile vifuko vyembamba vya nailoni vinavyofungia nyanya, dagaa na karanga. Dawa yake ni kwenda na vyombo.

Kapu la milulu, yaani la matete, ndilo la kwanza. Akina mama wa Iringa wanalisuka kwa mikono yao, linabeba viazi bila kukatika, na likichakaa baada ya miaka linaoza shambani. Ndani yake weka kopo lenye mfuniko kwa dagaa, chupa ya mafuta ya kupima, kidumu cha maziwa, na mfuko wa kitambaa kwa unga. Mwambie muuzaji mapema, kabla hajafungua kifuko: "Shikamoo mama, naomba uniwekee humu." Ukichelewa kusema, kifuko kimeshatumika. Baada ya wiki mbili hivi anakufahamu, naye anamimina bila kuuliza. Soda kunywa ya chupa ya kioo inayorudishwa kreti. Hapo sina la kuongeza.

Hatua ya 8: Taka za nyumba

Taka nyingi za nyumba ya huku ni maganda: viazi, ndizi, parachichi, majani ya mahindi. Hizo ni mbolea iliyokaa mahali pasipo pake, na mbolea ya dukani tunailalamikia kila msimu.

Chagua sehemu yenye kivuli, pasipotuama maji. Tandika mabua chini. Weka maganda na majani mabichi, juu yake majani makavu, juu yake samadi au udongo kidogo, rudia. Nyunyiza majivu kiasi. Chomeka kijiti kirefu katikati. Ukikichomoa baada ya wiki moja kiwe na joto. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Kikinuka uozo, ongeza makavu. Geuza kila baada ya wiki tatu. Kwa baridi yetu tegemea miezi mitatu hadi minne, si wiki sita kama wanavyosema watu wa joto. Masika lifunike rundo hilo kwa majani ya mgomba, mvua isioshe rutuba.

Viazi vilivyooza kwa mnyauko bakteria visiingie humo kabisa. Ugonjwa ule unaishi kwenye udongo, nawe utakuwa umeusambaza kwa mikono yako hadi shamba lote. Vifukie mbali, kwenye shimo refu.

Wafugaji wa nguruwe, wapeni maganda na mboga, lakini si mabaki yenye nyama ya nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika husafiri kwenye mabaki hayo, haina tiba, na inamaliza banda zima.

Chupa za plastiki, makopo na vyuma vitenge kwenye gunia vikiwa vimesuuzwa. Vijana wanaokusanya makopo na chuma chakavu wanapita, na gunia safi linawaongezea kipato. Betri za tochi zisitupwe chooni wala kwenye rundo la mbolea.

Hatua ya 9: Mti mmoja kwa ajili ya maji

Msimu wa kupanda miti ndio huu, mpaka Februari, wakati udongo una maji ya kutosha kwa mche kushika kabla ya kiangazi. Swali ni mti gani na wapi.

Mikaratusi na misindano imejenga nyumba na kusomesha watoto Mufindi na Njombe, siwezi kuisema vibaya. Iko vibaya pale tu inapopandwa bondeni, juu ya chemchemi, kwa kuwa mkaratusi unakunywa maji mengi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Hatua ndefu 60 za mtu mzima zinakupa kipimo kinachokaribia. Pima bonde lako. Ndani ya eneo hilo acha uoto wa asili urudi, au panda mivengi na mikuyu. Parachichi, mikaratusi na misindano viende mlimani.

Vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ni jambo gumu zaidi. Nimekulia kwenye mboga za kinyungu, na najua nyumba ambazo bila kinyungu hazina hela ya Agosti. Kinachowezekana ni kurudi nyuma kutoka kwenye mkondo, kumwagilia kwa ndoo badala ya kuuchepusha mto, na kutofyeka matete ya ukingoni. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Umwagiliaji wa mabonde ya Usangu ndio unaotajwa zaidi, lakini maji ya Usangu yanashuka kutoka Uporoto, Kipengere na Mufindi, yaani kutoka kwenye vijito vinavyopita nyuma ya nyumba zetu.

Hatua ya 10: Rudi kwenye kalenda

Wiki ya mwisho ya Februari pima tena siku 7 kama mwanzo, kwa kisado kilekile. Linganisha mkaa na mkaa, madumu na madumu, mifuko msumarini. Kama mkaa haujapungua, chunguza mambo mawili kwanza: je, maharage yanalowekwa kweli kila jioni, na je, mfuniko unakaa? Mara nyingi shida iko hapo. Usiongeze zoea jipya mpaka la jikoni liwe linafanyika hata siku ambayo wewe hupo nyumbani.

Mei, mvua zikiisha, safisha gata na pipa, uvifunike. Julai ongeza unene wa maranda kwenye kapu, kwa sababu baridi inakula joto lake. Septemba, kabla ya kuandaa shamba, kubalianeni na majirani kutochoma mabua. Yarundikeni kwenye mistari, yataoza na masika. Mwenye kulazimika kuchoma afyeke kwanza mpaka wa mita kadhaa kuzunguka eneo, apate kibali cha kijiji, na awashe asubuhi upepo ukiwa haujaamka, watu wenye matawi mabichi na ndoo za maji wakiwa wamesimama pande zote.

Hela ya mkaa iliyopungua iweke kwenye kopo lake. Kwetu kopo hilo lilikaa juu ya kabati la vyombo, na ndilo lililonunua sufuria ya presha.